Kurasa Thelathini na Moja za Kalamu

Mimi nina ugonjwa mmoja: kitu kikinitia kinyaa siwezi kukificha, pua inajikunja yenyewe. Mkubwa wetu, mwenye ofisi hii ya uwakili, aliwahi kuniambia mbele ya wateja, "Mama, hebu rekebisha uso." Nikamjibu kwamba uso ndio huu, sina mwingine niliouacha nyumbani. Basi anayetaka habari za Kalamu kwa sauti ya upole atafute msimulizi mwingine. Mimi nikizikumbuka tu, mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Kalamu ni jina la utani tulilompa ofisini. Alikuja kwetu miaka kumi na miwili iliyopita, wakili mbichi, na kalamu tatu za wino mfukoni mwa blauzi. Wenzake wote walikuwa wanagonga kompyuta; yeye aliandika kwa mkono. Alisema akili yake inatembea kwa mwendo wa mkono, akigonga vitufe inamkimbia. Aliandika kwenye karatasi za njano zenye mistari, mwandiko mdogo, uliosimama wima, kisha akaniletea nichape. Mimi ni katibu muhtasi wa ofisi hii tangu enzi za mashine ya taipu, na miandiko ya mawakili naijua: mingi utadhani kuku amepita na miguu ya tope. Wake ulikuwa unasomeka hata na mtu mwenye usingizi.

Ofisi yetu ina desturi yake. Wakili mdogo anaandika, mimi nachapa, Mkubwa anatia saini. Muswada ukishachapwa unachanwa papo hapo, kwa sababu siri ya mteja haiachwi ikizagaa mezani, na chini ya waraka halikai jina la mtu yeyote isipokuwa la Mkubwa. Kwa miaka yote aliyokaa kwetu Kalamu aliandika barua, hati za madai, mikataba na maoni ya kisheria, na ukipekua makabati yote ya majalada hutaliona jina lake hata pembeni. Mtu anapika, mwingine anapakua, na wa tatu ndiye anayeshukuriwa kwa chakula kitamu. Tulishazoea, na mazoea yana taabu.

Miaka mitano iliyopita alikuja mwanamke mmoja mwoka mikate. Mikate yake ilifungwa kwa karatasi ya njano yenye mistari miwili ya buluu, na mitaa yote ya karibu iliijua. Kiwanda kimoja kikubwa kikaanza kutoa mkate wake, jina tofauti kabisa, lakini karatasi njano, mistari miwili, buluu. Mama wa watu akaja analia kwamba wateja wanamponyoka. Mkubwa alimsikiliza dakika kumi, akatazama saa, akamwita Kalamu. "Shughulika," akamwambia. Hiyo ndiyo kazi yote aliyoifanya Mkubwa katika jambo lile, na hapo nimehesabu mpaka kule kutazama saa.

Sheria ya alama za biashara ina swali lake: je, mnunuzi wa kawaida atachanganyikiwa? Kiwanda kilisema majina hayafanani, mwenye macho haambiwi tazama. Kalamu alihangaika na swali hilo wiki mbili nzima, kalamu mdomoni. Jumatatu moja asubuhi akaingia anacheka peke yake. Mama mkwe wake, ambaye alikuwa akiishi naye, alitoka kununua mkate bila miwani, akarudi na ule wa kiwanda, akaula siku mbili huku akinung'unika kwamba yule mwoka mikate siku hizi amekuwa mvivu wa kukanda.

"Dada," Kalamu akaniambia, "mnunuzi wa kawaida si hakimu aliyewasha taa ya mezani. Ni mama mkwe wangu aliyesahau miwani."

Akakaa, akaandika kurasa thelathini na moja. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ichukue kipimo chake kwa mtu aliyesahau miwani, maana ndivyo watu wanavyonunua mkate: kwa haraka, kwa rangi, kwa mazoea. Mimi nimechapa maoni ya kisheria ya kujaza lori, na mengi yananisinzisha nikiwa nimekaa wima. Haya niliyachapa nikicheka, na nilipofika ukurasa wa mwisho nilikuwa na hasira na kile kiwanda kana kwamba mikate ni yangu. Kiwanda kiliposoma, kilibadilisha karatasi bila hata kuonana mahakamani. Nami nikazichana zile karatasi za njano kama kawaida, nikazitupa.

Baada ya miezi kadhaa Mkubwa akaniita. "Yale maoni ya mkate," akasema, "toa jina la mteja, yapange yawe makala, uyapeleke kwenye jarida la mawakili. Weka jina langu."

Nikamuuliza, "Na Kalamu?"

"Kalamu analipwa mshahara," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Nikayapeleka. Jarida lilipotoka lilipangwa kwenye rafu ya chumba cha wageni pamoja na wenziwe, ambao kazi yao ni kupendezesha ukuta. Kalamu sikumwambia. Nilijiambia nani analisoma jarida lile, na mwenye kuamsha aliyelala ndiye atakayembembeleza. Nalisema hili mapema msije mkanidhania mimi ni mtu msafi.

Mwaka uliofuata chuo kikuu kikaanzisha shahada ya uzamili ya sheria ya miliki ubunifu kwa wanasheria walio kazini: haki ya mtu juu ya kile kilichotoka kichwani mwake, awe ameandika, amechora au amevumbua. Masomo Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, miaka miwili, na mwisho tasnifu. Kalamu alijaza fomu siku ileile ya tangazo. Nikamuuliza mtu mwenye watoto wawili, mume, mama mkwe na Mkubwa anatafuta nini tena darasani.

"Tasnifu inajalidiwa, dada," akasema. "Inawekwa maktaba na jina la aliyeandika juu ya jalada. Nataka kitu kimoja tu duniani chenye jina langu juu yake. Nikikipata nitatulia."

Mume wake, mwalimu wa hesabu, alichukua Jumamosi zote. Aliwachana watoto nywele kwa njia ya katikati iliyonyooka kama aliipiga rula, na mama mkwe akasema wajukuu wake wanatoka nyumbani wanafanana na madaftari. Kalamu alisoma saa ya chakula cha mchana, ndani ya chumba cha majalada, amekalia ngazi ndogo ya kupandia makabati, kitabu magotini na kipande cha mkate mkononi. Nilikuwa namfungia mlango ili Mkubwa asimwone akamtafutia kazi.

Nami darasa lile nililiona kwa macho yangu, maana mara nyingi nilimpelekea karatasi alizosahau. Nakwambia, nilitoka pale nikiwa na kichefuchefu. Kulikuwa na hakimu mmoja aliyekuja kwa gari la serikali, akasinzia kuanzia salamu hadi mahudhurio. Kulikuwa na ofisa wa forodha ambaye kazi yake ni kukamata bidhaa bandia. Siku moja alitoa mada kuhusu viatu bandia huku vyake mwenyewe soli imeanza kuachia na nembo ya pembeni imeandikwa kinyume. Kulikuwa na mwanasheria wa benki, simu mbili, akijibu zote mbili. Mwalimu wao aliwapa kitabu kimoja kikubwa cha hakimiliki. Kiongozi wa darasa akakipeleka duka la fotokopi, kikatolewa nakala arobaini, kila mtu yake, pamoja na ule ukurasa wa mwanzo unaosema ni marufuku kunakili kitabu hiki. Wanasheria wazima wakaupigia mstari kwa kalamu ya rangi, kwa sababu mwalimu alisema utatoka kwenye mtihani.

Kalamu peke yake alinunua kitabu chenyewe, cha dukani. Wenzake walimcheka kozi nzima, wakamwita mtakatifu.

Na hilo lilikuwa dogo. Nyuma ya maktaba kulikuwa na bwana mmoja anayewaandikia watu tasnifu. Unampa kichwa cha habari, unarudi baada ya wiki sita, unakuta kazi imefungwa vizuri na tanbihi zake. Nilimwona kwa macho yangu ofisa wa forodha akitoka pale na bahasha kwapani, akanisalimia kwa heshima kama anatoka kwenye ibada. Niliporudi ofisini nilinawa mikono mpaka kwenye viwiko, na hakuna kitu nilichokuwa nimeshika.

Mwaka wa pili chuo kikamwalika Mkubwa aje awahutubie wanafunzi kama mtaalamu wa siku nyingi. Nilikwenda naye kumbebea karatasi na kumbonyezea kompyuta inayoonyesha picha ukutani. Akasimama, akajiweka sawa koti, akaanza: "Bibi yangu alikwenda kununua mkate bila miwani."

Bibi yake! Bibi yake Mkubwa alifariki kabla mimi sijaajiriwa, na kwa jinsi mwenyewe alivyowahi kusimulia, alikuwa na watu wa kumtuma mkate. Darasa likaangua kicheko palepale tulipocheka sisi, hakimu akaamka, wote wakaandika. Mtu yule ana uso mkavu. Alisimulia mpaka lile la mwoka mikate kuwa mvivu wa kukanda. Nikamtafuta Kalamu kwa macho. Alikuwa amekaa safu ya tatu, anapiga makofi na wenzake, taratibu, anatazama meza.

Wakati wa mapumziko nilimkuta kwenye korido anakunywa chai. Nikamwambia kwamba mimi ningesimama nikamvua nguo mbele za watu.

"Aa, dada, mwache," akasema. "Ile ni kazi ya ofisi, acha ajisifie. Tasnifu yangu ndiyo itakayoeleza vizuri. Sura ya nne yote ni ya miwani. Halafu naomba unichapishie yale maoni kutoka kwenye kompyuta yako, sina nakala."

Hapo ndipo ningemwambia habari za jarida. Lakini kengele ikalia, Mkubwa akaniita nimtafutie mkoba, na nikaona mambo yasiwe mengi. Jumatatu nikamchapishia kurasa zake thelathini na moja. Akazipokea kwa mikono miwili, akaziingiza kwenye sura ya nne karibu kama zilivyo. Wakili aliyesoma hakimiliki miaka miwili hakuona shida yoyote kunakili, kwa sababu hakuna mtu duniani anayefikiri kwamba anaweza kujiibia mwenyewe.

Chuo kina programu ya kompyuta ambayo kila tasnifu inapitishwa humo, inalinganishwa na maandishi yote yaliyochapishwa. Ya ofisa wa forodha ilipita, safi kama theluji, maana yule bwana wa nyuma ya maktaba ni fundi, haandiki kitu mara mbili. Ya hakimu ilipita. Ya Kalamu ilitoka na sura nzima imepakwa wekundu: maneno yaleyale, sentensi zilezile, kutoka jarida la mawakili, mwandishi Mkubwa wetu. Barua ikaja kwamba anatuhumiwa kwa wizi wa maandishi, na kwamba kamati ya watu watatu itamsikiliza baada ya siku kumi. Akipatikana na hatia, anafukuzwa na tasnifu inatupwa.

Alinijia na ile barua akiwa ameishika kwa ncha za vidole. "Dada, wewe ulijua kwamba maoni yale yalichapishwa kwenye jarida?"

Nikasema nilijua. Alikaa kwenye kiti cha wageni mbele ya meza yangu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Akasema, "Basi twende kwake, aseme ukweli, yaishe."

Tukaingia kwa Mkubwa. Alikuwa ameshapata barua yake, kama mwenye makala. Akatukaribisha kwa sauti ya baba mzazi, mkono mezani.

"Nimelifikiria," akasema. "Mama, andika." Nikafungua daftari. Akanisomea barua kwamba makala ni yake, aliiandika yeye, ila alimruhusu mwajiriwa wake aitumie katika masomo, na mwajiriwa kwa bahati mbaya akasahau kumtaja. "Itakuwa uzembe, si wizi. Utaweka tanbihi, utapata shahada yako, na mimi sina kinyongo. Mimi nilishakusamehe."

Samahani wasomaji, hapo pua ilijikunja yenyewe. Mtu anakuibia, halafu anakusamehe.

"Aliyeiandika ni nani?" Kalamu akauliza, kwa adabu kabisa.

"Ofisi iliandika."

"Ofisi haina mama mkwe."

Mkubwa akacheka kidogo. "Wewe umesoma, sheria unaijua. Kazi ya mwajiriwa ni mali ya mwajiri."

"Mali ni yako, sijabisha," Kalamu akasema. "Iuze, ichome moto, ifungie vitumbua ukitaka. Mimi nauliza mwandishi. Mwandishi habadiliki kwa mshahara."

"Barua iko hapa," Mkubwa akasema. "Utakuwa umeikubali au umeikataa mbele ya kamati. Ni hiari yako."

Tulipotoka Kalamu alinifuata mezani, tukahesabu ushahidi. Barua zote kwa mteja zilitoka na saini ya Mkubwa. Muswada nilishauchana. Kwenye kompyuta, kila waraka unahifadhiwa kwa jina la mwenye ofisi. Mwoka mikate alikuwa tayari kuja kusema kwamba Kalamu ndiye aliyekwenda tanurini kumuuliza maswali, lakini kuuliza maswali si kuandika. "Mtu aliyeuona mwandiko wangu ni wewe peke yako," akaniambia. "Sina mwingine."

"Mdogo wangu," nikamwambia, "nitasema. Nitasema mpaka kuta zisikie. Aninyonge akitaka."

Nilisema hivyo na nilimaanisha. Wiki ile nilitembea kifua mbele, nikamsema Mkubwa jikoni kwa mhudumu, nikamsema kwa dereva, nikamsema mpaka kwa mwenye kuleta maji ya kunywa. Ulimi wangu haukulala.

Siku mbili kabla ya kamati Mkubwa akaniita nimfungie dirisha, linapitisha vumbi. Nikafunga. Akauliza bila kuinua kichwa, "Binti yako anamaliza lini chuo cha mawakili?"

"Mwezi wa sita."

"Atahitaji ofisi ya kufanyia mafunzo. Siku hizi watoto wanazunguka na barua mwaka mzima, hawapati." Akageuza ukurasa. "Mwambie asihangaike. Meza itakuwepo hapa."

Basi, hakusema zaidi. Hakutaja kamati, hakumtaja Kalamu. Nilimshukuru, nikatoka. Binti yangu huyo nimemlea peke yangu, na alikuwa amepeleka barua ofisi kumi na moja, nyingine hazikumjibu hata kumkataa. Bila mafunzo hakuna leseni, na bila leseni ile shahada yake ni ya kufutia vumbi. Njiani kwenda nyumbani nilijiambia kwamba ahadi ni ahadi, nitasema. Nilipofika nikamkuta anapiga pasi koti la usaili wa ofisi ya kumi na mbili. Nikamwambia habari ya meza. Alinikumbatia na pasi ingali mkononi.

Kamati ilikaa Jumanne saa nne asubuhi, chumba cha mikutano, meza ndefu, feni moja, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Mwenyekiti alikuwa profesa mwanamke mwenye sauti ya chini, mtu makini, na pembeni yake wahadhiri wawili. Mkubwa alikaa upande mmoja na barua yake. Kalamu upande wa pili, na mume wake nyuma yake, amevaa tai. Aliieleza kamati habari ya mkate tangu mwanzo hadi mwisho, bila karatasi, na nikamwona mhadhiri mmoja akitabasamu palepale kwenye kunung'unika kwa mama mkwe. Profesa akanigeukia.

"Mama, wewe ndiye uliyechapa. Tuambie, aliyeandika ni nani?"

Nilikuwa nimelipanga jibu. Nililipanga siku kumi. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti ya mtu mwingine ikitoka, sauti ndogo, ya mtu anayeomba msamaha kwa kukaa kwenye kiti. "Mimi nachapa tu, profesa. Nikichapa huwa sisomi."

"Mwandiko ulikuwa wa nani?"

"Ni siku nyingi. Mawakili wetu wengi huandika kwa mkono."

Hakuna. Hakuna hata mmoja mwingine aliyeandika kwa mkono katika ofisi ile. Mkubwa alikuwa anatazama feni. Kalamu aligeuza kichwa akaniangalia, na nilijiandaa kutukanwa. Akasema, "Asante, dada," kwa sauti ileile aliyokuwa akiniambia kila siku nikimpa karatasi zilizokwisha kuchapwa.

Profesa akamuuliza kama anaikubali barua ya ruhusa. Akiikubali, kamati itaona namna. Nadhani yule mama alitaka akubali. Mume wake akainama, akamnong'oneza jambo, naye akatikisa kichwa. Kisha Kalamu akasema, "Siwezi kuombewa ruhusa ya kusema nililolisema mimi. Andikeni mnachoweza kuandika."

Wakaandika. Nilitoka nikaenda msalani, nikatapika chai yote ya asubuhi. Msinionee huruma. Tumbo langu ndilo lilikuwa na haya, mdomo haukuwa nayo, na nimejichukia tangu siku hiyo kuliko nilivyowahi kumchukia Mkubwa. Yeye angalau hakunidanganya kwamba ni mtu mwema. Mimi nilijidanganya miaka mingi, kwa sababu ya kukunja pua.

Alifukuzwa kwenye kozi, na mwisho wa mwezi akaacha kazi. Mahafali yalifanyika bila yeye. Ofisa wa forodha alipata tuzo ya tasnifu bora, na Mkubwa ndiye aliyemkabidhi. Kalamu amepanga chumba kimoja mtaa wa nyuma ya soko, anawaandikia watu wadogo wadogo mambo yao, mafundi cherehani, waoka mikate. Mimi hupita upande wa pili wa barabara. Aliwahi kuniona hata hivyo, akavuka akanisalimia, "Habari za siku, dada," akaniuliza hali ya binti yangu. Nikasema hajambo. Akasema afadhali, ni mtoto mwenye bidii.

Binti yangu yuko hapa tangu mwezi wa saba. Meza aliyopewa ni ya Kalamu, hakuna nyingine iliyokuwa tupu. Ni kweli ana bidii. Anaandika haraka, na Mkubwa anamsifu mbele ya wageni. Juzi saa ya mchana ofisi ilikuwa imetulia, akainua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

"Mama, huyu aliyekuwa anakaa hapa kabla yangu, kwa nini aliondoka? Kila nikiuliza watu wanageuza mazungumzo."

Nilikuwa na faili mkononi. Nililiweka chini, nikalichukua tena.

"Aliiba makala ya Mkubwa," nikasema.

Akakunja uso. "Wakili mzima," akasema. "Watu wengine hawana haya." Kisha akainama akaendelea na maoni aliyokuwa anamwandikia Mkubwa.